Vidonge vya uzazi vya mke na mume: kilichomo koponi na kinachopaswa kutoka sahanini

Hukumu itangulie. Kopo la mwanamke tunalipa nyota tatu kati ya tano, na karibu zote limezipata kwa kiungo kimoja, asidi ya foliki. Kopo la mwanaume tunalipa nyota moja. Wenzi ambao mfuko wao unaruhusu kitu kimoja tu wachukue vidonge vya kawaida vya asidi ya foliki vya mikrogramu 400, na fedha inayobaki waipeleke kwenye maharage, samaki, mayai na mboga za majani.

Tunachotathmini hapa ni aina ya bidhaa, si chapa fulani. Ni vile virutubisho vinavyouzwa kwa jozi, kopo la kike na kopo la kiume, kila moja likiwa na viungo kumi hadi ishirini na kitu, kwa ahadi ya kuboresha mayai, kuongeza mbegu na kuandaa mwili kwa mimba. Majina na rangi hutofautiana, lakini ukigeuza kopo ukasoma jedwali la nyuma utakutana na viungo vilevile. Jedwali hilo ndilo tulilolipima: kiasi cha kila kiungo, umbo lake, ushahidi wake, na kama chakula cha kawaida kinatosha kukileta.

Asidi ya foliki

Kazi yake kubwa ni kumlinda mtoto. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takribani siku ya 28 baada ya yai kurutubishwa, wakati ambapo wanawake wengi ndio kwanza wanajiuliza kwa nini hedhi imechelewa. Usipofunga sawasawa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi au na kasoro nzito ya ubongo. Anayesubiri kipimo cha mimba kisome ndipo aanze kumeza, mara nyingi amechelewa. Vidonge vianze angalau mwezi mmoja kabla ya kuacha uzazi wa mpango, miezi mitatu ikiwezekana, na viendelee hadi wiki ya 12 ya ujauzito. Ushahidi wake ni mzito kuliko wa kiungo kingine chochote koponi: mwaka 1991 utafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza ulionyesha kwamba miligramu 4 kwa siku zilipunguza kwa asilimia 72 uwezekano wa kasoro hiyo kujirudia kwa wanawake waliokwisha kuwa na mimba yenye kasoro hiyo.

Wanawake wengi wanahitaji mikrogramu 400 kwa siku. Wapo wanaohitaji dozi ya juu zaidi, miligramu 4 au 5, ambayo huandikwa na daktari: aliyewahi kuwa na mimba yenye kasoro hiyo, anayetumia dawa za kifafa, hasa valproeti, mwenye kisukari au mwenye selimundu. Hapa ndipo hufanyika kosa la hatari. Mtu anaambiwa anahitaji miligramu 5, nyumbani ana kopo la mchanganyiko lenye mikrogramu 400 kwa kidonge, anaamua kumeza vidonge 12 kwa siku. Kama kila kidonge kina mikrogramu 750 za vitamini A ya aina ya retinoli, amejimezesha mikrogramu 9,000, mara tatu ya kikomo cha 3,000, na retinoli nyingi mwanzoni mwa ujauzito huweza kumlemaza mtoto. Dozi ya juu ina kidonge chake cha peke yake, kiombwe hicho.

Kuna makopo yanayojivunia methilifolati, umbo jingine la kirutubisho hichohicho, badala ya asidi ya foliki, kwa maelezo kwamba watu wenye mabadiliko ya jeni ya MTHFR hawawezi kutumia ile ya kawaida. Wanaweza. Tena asidi ya foliki ndiyo iliyothibitishwa kwenye majaribio kwamba inazuia mgongo wazi, na ndiyo ya bei nafuu. Usilipie zaidi kwa ajili ya neno hilo.

Je, chakula hakitoshi? Kikombe cha dengu zilizopikwa kina takribani mikrogramu 350 za folati, yaani foliki ya asili iliyomo kwenye chakula, na nusu kikombe cha spinachi iliyopikwa takribani 130. Ni nyingi, lakini mwili hufyonza folati ya chakula kwa takribani nusu tu, na sehemu nyingine huishia kwenye maji ya kuchemshia yanayomwagwa. Hapa kidonge kinaishinda sahani, na tunalisema hili bila kusita kwa sababu kwa viungo vingi vinavyofuata hali inageuka.

Viungo vingine vya kopo la kike

Anza kutafuta madini joto. Kidonge kizuri kina mikrogramu 150, lakini makopo mengi hayana hata chembe, ingawa tezi ya shingo ya mama ndiyo inayomlisha mtoto homoni katika wiki za mwanzo. Anayetumia chumvi yenye madini joto kila siku ana msingi mzuri. Yakitajwa kuwa yanatoka kwenye mwani, rudisha kopo rafuni: kiasi cha madini joto kwenye mwani hubadilika sana kati ya shehena moja na nyingine, na yakizidi huivuruga tezi ileile uliyotaka kuisaidia. Mwenye ugonjwa wa tezi hiyo amuulize daktari kwanza.

Madini ya chuma yanachanganya kwa sababu ya uzito unaoandikwa. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kinatoa takribani miligramu 65 za chuma chenyewe. Hesabu inayohusu mwili ni hiyo ya pili. Mwanamke mwenye hedhi anahitaji miligramu 18 kwa siku na mjamzito 27. Mwenye hedhi nzito apime hemoglobini na feritini (akiba ya chuma mwilini) kabla ya kuamini kwamba kopo la uzazi litamtosha, maana upungufu wa kweli hutibiwa kwa dozi ambayo kopo hilo halina. Na kuna kasoro ya utengenezaji: chuma na kalisi huwekwa kwenye kidonge kimoja wakati kalisi huzuia chuma kufyonzwa. Chai na kahawa hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo viachane na kidonge kwa saa moja au mbili. Tunda lenye vitamini C husaidia.

Vitamini D ya mikrogramu 10 hadi 15 inatosha kwa wengi. Lebo zikitumia vizio vya kimataifa, gawanya kwa 40: vizio 400 ni mikrogramu 10. Kikomo kwa mtu mzima ni mikrogramu 100 kwa siku, na kukivuka bila kupimwa hakumletei mtu mimba haraka. Vitamini B12 ni ya lazima kwa asiyekula nyama, mayai wala maziwa, na kwa anayetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, kwa sababu dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Asidi ya foliki nyingi, zaidi ya mikrogramu 1,000 kwa siku, inaweza kuficha dalili za damu za upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Ndiyo sababu viwili hivi hukaguliwa pamoja.

Vitamini A tumeigusa. Chagua kopo linaloitoa kama beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kulingana na mahitaji. Usiongeze juu yake mafuta ya ini la samaki, na anayekula maini mara kwa mara ajue kwamba gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa huweza kuwa na retinoli inayozidi mikrogramu 9,000.

Kolini karibu haimo koponi. Inachukua nafasi kubwa, hivyo watengenezaji huiacha au huweka kidogo sana, ilhali mwanamke anahitaji takribani miligramu 425 kwa siku na mjamzito 450. Mayai mawili huleta karibu 300. Tungependa kuona watengenezaji wakilisema hili wazi kwenye boksi.

Bayotini huongezwa kwa ajili ya nywele na kucha, wakati mwingine kwa miligramu 5 au 10, ambazo ni mara mia moja au zaidi ya mahitaji ya siku. Madhara yake hayaonekani mwilini, yanaonekana maabara: bayotini nyingi huweza kupotosha vipimo vya homoni, vikiwemo vya tezi ya shingo. Mwanamke anaweza kuanzishiwa dawa kwa ugonjwa asiokuwa nao. Aache kidonge hicho siku mbili au tatu kabla ya kutoa damu, na amwambie mpimaji.

Mayo-inositoli ndiyo hutangazwa sana kwa wenye PCOS, ile hali ambayo homoni huvurugika na mayai hayapevuki kwa mpangilio. Dozi iliyotumika kwenye tafiti nyingi ni gramu 4 kwa siku, na ushahidi wake bado ni hafifu, ingawa madhara ni machache. Sasa soma kopo: miligramu 200, pengine 500. Kwa kiwango hicho ungehitaji vidonge nane au zaidi kufikia dozi ya utafiti. Anayetaka kuijaribu anunue unga wake peke yake. Koenzaimu Q10 ina hadithi inayofanana. Imejaribiwa kwa wanawake waliokuwa wakijiandaa kwa upandikizaji wa mimba, kwa mamia ya miligramu kwa siku, kwenye tafiti ndogo. Miligramu 30 za koponi hazina uhusiano na tafiti hizo. Na popote palipoandikwa "mchanganyiko maalumu" kisha uzito mmoja wa jumla kwa viungo saba, hujui unachomeza. Kopo la namna hiyo tunalikataa hata kama mengine yote ni mazuri.

Kopo la kiume

Viungo vyake ni zinki, seleniamu, vitamini C na E, L-kanitini, laikopini na foliki. Hoja yake inasikika vizuri: mbegu huharibiwa na kemikali zinazotokana na matumizi ya oksijeni mwilini, kwa hiyo vizuia-oksidishaji vitazilinda. Ila hoja hiyo imepelekwa kwenye majaribio makubwa ikaanguka.

Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wenzi 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Nusu ya wanaume walipewa miligramu 30 za zinki na miligramu 5 za asidi ya foliki kila siku kwa miezi sita, nusu nyingine kidonge kisicho na dawa. Waliopata mtoto walikuwa asilimia 34 kwa kundi la kwanza na 35 kwa la pili. Ubora wa mbegu haukuimarika. Uvunjikaji wa DNA ya mbegu ulikuwa juu kidogo kwa waliomeza virutubisho, na matatizo ya tumbo yalikuwa mengi zaidi kwao. Mwaka huohuo jaribio jingine, dogo zaidi, lilijaribu karibu mchanganyiko wote wa kopo la kiume, pamoja na miligramu 1,000 za L-kanitini. Baada ya miezi mitatu mbegu za wanaume hao hazikuwa bora kuliko za wenzao. Zipo tafiti ndogo zilizotoa picha ya matumaini, lakini nyingi ni dhaifu.

Hasara haiishii kwenye fedha. Zinki inayozidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini, na matokeo yake ni upungufu wa damu na ganzi. Anayemeza kopo la uzazi pamoja na vidonge vya kinga na unga wa mazoezi huvuka kiwango hicho bila kujua. Seleniamu mahitaji ni mikrogramu 55 na kikomo ni 400; ikizidi, nywele na kucha hutoka.

Onyo kubwa kuliko yote liko kwenye bidhaa za kuongeza nguvu za kiume na misuli zinazouzwa jirani na kopo hili. Baadhi zina testosteroni au homoni za jamii yake, zilizotajwa au zilizofichwa. Testosteroni ya kutoka nje huufanya ubongo usitishe amri ya kutengeneza mbegu. Mwanaume anaweza kuhisi nguvu zimeongezeka huku mbegu zikishuka hadi sifuri, na kurejea kwake huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mwanaume anayetafuta mtoto asiguse testosteroni bila daktari wa uzazi kujua.

Mbegu huchukua takribani siku 74 kutengenezwa, na siku kadhaa zaidi kukomaa na kusafiri. Kwa hiyo badiliko lolote la leo, liwe kuacha sigara, kupunguza pombe au kubadili chakula, huonekana kwenye kipimo baada ya karibu miezi mitatu. Anayerudia kipimo baada ya wiki tatu na kukata tamaa amejihukumu mapema. Kati ya vyakula, karanga za miti ndizo zenye majaribio ya kupendeza: gramu 75 za jozi (walnut, mojawapo ya karanga hizo) kwa siku kwa wiki 12 ziliboresha uhai, mwendo na umbo la mbegu katika utafiti wa 2012 uliohusisha wanaume vijana 117 wenye afya. Hao hawakuwa wagumba, na utafiti haukuhesabu mimba, kwa hiyo tusiutwishe mzigo usio wake. Lakini konzi mbili za jozi zina mafuta mazuri, nazo ni chakula halisi. Kati ya hizo na kopo, tunachagua jozi.

Sahani

Ushahidi unaojulikana zaidi wa chakula na yai kupevuka ulitoka Marekani mwaka 2007, kwa watafiti wa Harvard waliofuatilia wauguzi wa kike 17,544 kwa miaka minane. Waliokula karibu zaidi na mpangilio wa ulaji uliopendekezwa na watafiti hao walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 66 wa kupata ugumba unaotokana na yai kutopevuka. Tuwe waangalifu: ni ufuatiliaji, si jaribio, na unahusu aina hiyo moja ya ugumba. Hakuna chakula wala kidonge kinachozibua mirija iliyoziba, na anayeuziwa chochote kwa ahadi hiyo anapoteza miezi ambayo umri hautamrudishia.

Lililojitokeza kwa nguvu ni mafuta ya transi, yatokanayo na kugandisha mafuta ya mimea kiwandani kwa hidrojeni. Kila asilimia 2 ya nishati ya siku iliyotoka kwenye mafuta hayo badala ya wanga iliambatana na ongezeko la asilimia 73 la hatari ya ugumba huo. Kwa anayekula kilokalori 2,000, asilimia 2 ni gramu 4 na kitu. Vitafunio vichache vya kukaangwa kwa mafuta hayo, au biskuti za siagi bandia, hufikisha. Soma viungo: maneno "mafuta yaliyotiwa hidrojeni kiasi" yanatosha kuiacha bidhaa dukani. Badala yake tumia mafuta ya zeituni au mengine ya mimea yasiyogandishwa.

Protini nayo ina hesabu rahisi. Kuhamisha gramu 25 za protini kwa siku kutoka kwa wanyama kwenda kwa mimea kuliambatana na hatari iliyopungua kwa zaidi ya nusu. Gramu hizo zimo kwenye kikombe kimoja na nusu cha dengu zilizopikwa. Kosa la kawaida ni kuondoa nyama bila kuweka kitu mahali pake, halafu mtu akabaki na wanga mtupu na chuma kidogo. Nyama haijakatazwa, inapunguzwa, na maharage yanaongezwa siku hiyohiyo. Nafaka zisizokobolewa zichukue nafasi ya zilizokobolewa, na vinywaji vyenye sukari viondoke kabisa.

Samaki wawe gramu 230 hadi 340 kwa wiki, milo miwili au mitatu. Dagaa, sadini na samoni wanafaa. Papa, nduaro na samaki wengine wakubwa wawindaji wana zebaki nyingi, ambayo mwili huchukua miezi kuitoa, hivyo waachwe kabla ya mimba na si baada. Kafeini isizidi miligramu 200 kwa siku, karibu vikombe viwili vya kahawa. Pombe, kwa mwanamke anayejaribu kushika mimba, tunashauri isiwepo.

Kuhusu uzito, ukweli una pande mbili. Mwanamke mwenye PCOS na uzito uliozidi, akipunguza asilimia 5 hadi 10, huweza kuona hedhi ikirudi kwenye mpangilio. Lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2022, kwa wanawake wenye unene na ugumba usio na sababu iliyojulikana, lilikuta kwamba kupunguza uzito kwa kasi kabla ya matibabu hakukuongeza watoto waliozaliwa. Na upande wa pili husahaulika: anayejinyima hadi mwili kukosa nishati huacha kupevusha mayai, hata kama mizani inamsifu. Hedhi ikikatika wakati wa kujinyima, ongeza chakula, usiongeze vidonge.

Ukiamua kununua

Kopo la kike linalokubalika liwe na asidi ya foliki mikrogramu 400, madini joto 150, vitamini D 10 hadi 15, B12, na chuma ambacho uzito wake halisi umeandikwa, retinoli isiwemo. Alama ya ukaguzi huru, kama ya USP au NSF, inaonyesha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Haisemi kwamba kinaleta mimba. Kimezwe na mlo, kwa sababu vitamini D hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta na kichefuchefu cha chuma hupungua. Kikitapisha asubuhi, hamishia usiku. Kopo lenye chuma liwekwe mbali kabisa na watoto walioko nyumbani: chuma kikizidi huweza kumuua mtoto mdogo.

Virutubisho visicheleweshe uchunguzi. Mwanamke chini ya miaka 35 aende kliniki baada ya miezi 12 ya kujaribu bila mimba, wa miaka 35 na zaidi baada ya miezi 6, na wa miaka 40 mapema zaidi. Hedhi isiyo na mpangilio, upasuaji wa nyonga uliopita au historia ya matatizo ya korodani haisubiri tarehe hizo. Waende wote wawili, kwa sababu kipimo cha manii ni rahisi na hutoa majibu ambayo vipimo vingi vya mwanamke haviwezi kutoa, na wabebe makopo yao yote ili daktari asome jedwali la nyuma mwenyewe.